Klachi ya feni kwenye Land Cruiser na Hilux za zamani: dalili, chanzo na namna ya kuibadilisha nyumbani

Kwenye Land Cruiser zenye injini ya 1HZ na Hilux za dizeli za 2L, 3L na 5L, feni ya rejeta huendeshwa na mkanda kupitia wota pampu. Kati ya pampu na feni kuna duara la alumini lenye mapezi, na hilo ndilo klachi. Ndani yake hakuna sahani za kusuguana kama kwenye klachi ya gia. Kuna mafuta mazito ya silikoni, na kwa mbele kuna springi bapa iliyoviringwa kama ya saa. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya moto, springi inajipinda na kufungua tundu. Silikoni inaingia kwenye mifereji ya ndani, inashika, na feni inaanza kukimbia karibu na kasi ya puli. Hewa ikipoa tundu linajifunga, silikoni inarudi kwenye hifadhi yake na feni inabaki kuzunguka polepole.

Jambo moja lishike kabla hujanunua chochote: klachi haijui joto la maji. Inajua joto la hewa inayoipiga usoni, basi. Rejeta ikiziba ndani, maji ya moto hayapiti vizuri, hewa inatoka vuguvugu, na klachi nzima kabisa itakaa kimya huku geji inapanda. Ndiyo sababu klachi nyingi zinatupwa zikiwa nzima, na gari linaendelea kuchemsha hata baada ya kufungwa mpya.

Tahadhari za mwanzo

Ukikagua kwa mkono, injini izimwe, ufunguo uwe mfukoni mwako na waya hasi wa betri utolewe. Kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa ya moto. Subiri angalau dakika 45, shika mpira wa juu wa rejeta, na ufungue pale tu unapobonyea bila kukaza. Maji yaliyobanwa na kifuniko chenye alama ya 0.9 (presha kwa bar) hufika karibu nyuzi 118 bila kuchemka. Ukilegeza kifuniko yanachemka yote kwa mara moja na kukurukia usoni.

Ile mbinu ya kusimamisha feni kwa gazeti lililokunjwa ili kuona kama klachi inashika, iache kabisa. Plastiki iliyokaa miaka 20 karibu na injini imekauka. Panga moja likivunjika linapasua rejeta au linampiga mtu. Hata unaposikiliza injini ikinguruma, simama pembeni. Usisimame usawa wa feni.

Linachemsha kwenye foleni, likishika mwendo linapoa

Hii ndiyo dalili inayoielekea klachi zaidi ya zote. Barabarani upepo wa mwendo unapita wenyewe kwenye rejeta. Kwenye foleni hakuna anayevuta hewa isipokuwa feni. Ishara inayofuatana nayo ni kiyoyozi: kinatoa baridi gari likitembea, kikageuka kupuliza joto ukisimama kwenye taa. Mara nyingi ishara hii hutangulia geji kwa miezi, na wengi huongeza gesi ya kiyoyozi bila faida.

Chanzo kinachoongoza ni klachi iliyoishiwa silikoni. Kinafuata kava la feni lililovunjika au lililotolewa, kisha mkanda uliolegea, kisha matope na majani kwenye mapezi ya rejeta, na mwisho feni iliyofungwa kinyume. Ukaguzi lakini uanze na vile visivyohitaji spana.

Bonyeza mkanda kwa dole gumba, kwa nguvu, katikati ya puli mbili. Ukizama kati ya milimita 10 na 15 uko sawa. Ukizama zaidi, au ukiwa unang'aa kama kioo upande wa ndani, unateleza. Injini ya 1HZ ina mikanda miwili inayokaa pamoja, na hubadilishwa yote miwili. Mmoja mpya na mmoja wa zamani havutani sawa, na ule mpya ndio utakaobeba mzigo wote na kufa mapema.

Kava litazame kwa makini, maana watu hulidharau. Kazi yake ni kulazimisha feni ivute hewa kupitia uso wote wa rejeta. Bila kava feni inazungusha hewa ile ile ya moto iliyoko mbele ya injini. Mapanga yanatakiwa yawe yameingia ndani ya kava kwa takriban nusu ya upana wake, na nafasi kati ya ncha za mapanga na kava iwe kama sentimita mbili pande zote. Nafasi ikiwa kubwa upande mmoja na finyu upande wa pili, raba za kushikilia injini zimechoka.

Sasa klachi yenyewe. Injini ikiwa baridi, sukuma panga la feni kwa mkono uliachie. Linatakiwa likuzuie kwa ulaini, kama unakoroga asali, na lisimame kabla ya kumaliza mzunguko mmoja na nusu. Likizunguka mara tatu au nne kama pangaboi la nyumbani, silikoni imekwisha. Rudia injini ikiwa imetoka kupata moto vizuri na imezimwa: safari hii ukinzani uwe mkubwa zaidi kuliko wa asubuhi. Ukiwa sawa na wa asubuhi, ama silikoni ni kidogo ama springi ya mbele imechoka.

Kisha chukua tochi utazame uso na mgongo wa klachi. Silikoni ikivuja haidondoki chini kama mafuta ya injini. Inatambaa taratibu, inanasa vumbi na kuacha mistari myeusi inayotawanyika kutoka katikati kwenda nje. Ukiona mistari hiyo, huhitaji ushahidi mwingine.

Ukaguzi wa mkono ukikuacha na shaka, kuna kipimo cha kuziba hewa. Weka kipande cha boksi gumu mbele ya rejeta, kizibe kama theluthi mbili, washa injini uishike kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Mtu wa pili akae ndani atazame geji bila kuondoa macho. Klachi nzima itashika kabla geji haijavuka mahali pake pa kawaida: utasikia muungurumo mzito wa upepo, kama lori linapita, na upepo nyuma ya rejeta utaongezeka wazi. Ukitoa boksi, baada ya dakika chache muungurumo utapungua. Geji ikianza kupanda kuliko kawaida na feni bado iko kimya, toa boksi mara moja, acha injini ingurume sailensa (bila kukanyaga mafuta) hadi ipoe, kisha zima. Kipimo hiki usikifanye kwenye gari ambalo tayari linachemsha ndani ya dakika tano.

Linachemsha kwenye mlima likiwa na mzigo

Hapa mambo ni mchanganyiko, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Gari linapanda Kitonga na tani moja nyuma, gia ya pili, mwendo mdogo, injini inafanya kazi yote iliyonayo. Klachi dhaifu inaweza kuleta shida hii, ila kwa kawaida yenyewe iko nafasi ya tatu au ya nne.

Nafasi ya kwanza ni rejeta iliyoziba ndani. Magari yaliyojazwa maji ya visima vya pwani, yenye chumvi, au maji yoyote magumu, hujenga ukoko ndani ya vijia vya rejeta kama ule wa birika la chai. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, pitisha kipimajoto cha bunduki juu ya uso wa rejeta, ukitoka upande maji yanapoingilia kuelekea yanapotokea. Joto lishuke taratibu. Ukikuta sehemu iliyopoa ghafla katikati ya zenye moto, vijia vya hapo havipitishi. Huna kipimajoto, tumia kiganja kwa uangalifu, bila kugusa feni. Rejeta ya namna hii ifunguliwe matangi na kusuguliwa na fundi wa rejeta, au ibadilishwe. Dawa za kusafishia za chupa husaidia ukoko mwembamba tu.

Kumbuka tulichosema kuhusu hewa. Rejeta iliyoziba inaifanya klachi ionekane mbovu. Ukifunga klachi mpya bila kuigusa rejeta, umelipia kitu ambacho hakikuwa na tatizo.

Nafasi ya pili ni themostati, na hasa kutokuwepo kwake. Imekuwa desturi kuitoa na kuitupa ati injini ipoe. Kwenye injini ambazo themostati yake ina kisahani cha pili kwa chini, kisahani hicho ndicho kinachoziba njia ya mkato ya maji injini inapopata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta, na kwenye mlima gari litachemsha zaidi ya lilivyokuwa. Irudishwe. Kuipima ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto, pasha moto polepole. Ianze kufunguka kwenye nyuzi zilizopigwa mhuri juu yake, ambazo kwa nyingi ni kati ya 76 na 88, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka kama milimita 8 au zaidi.

Halafu kifuniko cha rejeta. Raba yake ikikatika presha haikai, na maji yanachemka mapema. Nairobi, mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyobanwa huchemka karibu nyuzi 94. Kwa hiyo kifuniko kibovu ambacho Mombasa kilivumilika, huko juu kitakuadhiri. Ni kitu cha bei ndogo. Nunua chenye namba ile ile iliyoandikwa kwenye cha zamani, na usipandishe presha ukidhani unasaidia, maana rejeta ya zamani itapasuka kwenye maungio.

Ukivuka hayo yote salama, ndipo urudi kwenye klachi na kuipima kwa njia za sehemu iliyotangulia.

Simama hapa na uite fundi wa injini iwapo: mpira wa juu wa rejeta unakaza kama jiwe dakika moja au mbili baada ya kuwasha injini baridi, mapovu yanatoka mfululizo kwenye mdomo wa rejeta na hayakomi, maji yanapungua bila kuvuja popote, mafuta ya injini yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe wenye harufu tamu unatoka kwenye ekzosi. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi au hedi iliyopasuka, na hedi za familia ya 2L zinajulikana kwa kupasuka zikichemshwa. Hakuna klachi itakayoponya hilo, na kila safari unayoongeza inaongeza gharama.

Feni inaunguruma muda wote

Kwanza tenganisha kilicho kawaida. Gari likilala usiku, silikoni huteremka na kujikusanya ndani ya mifereji, hivyo asubuhi feni huunguruma kwa nguvu dakika moja au mbili, kisha inanyamaza. Hiyo ni afya, wala haihitaji kitu.

Muungurumo usiokoma, unaopanda na mizunguko ya injini kila ukikanyaga mafuta, gari likawa zito na dizeli ikawa inaisha haraka, una sababu tatu kwa mpangilio huu. Moja, klachi ina haki: injini kweli ni ya moto na hewa inayotoka kwenye rejeta ni ya moto, kwa sababu rejeta imejaa matope kwa nje au kondensa ya kiyoyozi iliyo mbele yake imeziba. Safisha kwa maji ya presha ndogo ukitokea upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotoka. Mapezi yakilala, yanyooshe moja moja. Pili, mtu aliifunga klachi kwa makusudi, aidha kwa kuchomelea au kwa kutoboa na kupitisha bolti. Angalia alama za welding pembeni. Tatu, klachi imekwama: tundu halifungi au beringi imeshikamana. Injini ikiwa baridi kabisa, feni isipozunguka hata kidogo bila kuivuta puli, ndiyo hii.

Klachi iliyochomelewa ni jambo la kulikataa waziwazi, hata fundi akikuhakikishia kuwa magari kumi aliyoyafanya hivyo yanatembea. Feni iliyoundwa kuteleza sasa inalazimishwa kufuata puli hadi mizunguko 4,000, kasi ambayo mapanga yake hayakuundwa kuihimili. Beringi ya wota pampu inabeba mvutano wote, mkanda unaliwa, na ukivuka mto msimu wa mvua maji yanayasukuma mapanga mbele hadi yanachana rejeta. Klachi inayoteleza ina nafuu kidogo hapo, ingawa hata nayo ni vizuri kutandika turubai mbele ya rejeta kabla ya kuingia maji marefu. Kama umekwama porini na kufunga feni ndiyo njia pekee ya kufika, fika kwa mizunguko midogo, na ifunguliwe siku hiyo hiyo.

Kelele ya kusaga, kugonga au mtetemo mbele ya injini

Kelele hii ina wakosaji wawili wanaokaa mhimili mmoja: beringi ya klachi na beringi ya wota pampu. Kuwachanganya ni kosa la kila siku.

Injini imezimwa na imepoa. Shika mapanga mawili yanayotazamana, vuta na kusukuma kuelekea rejeta na injini. Kucheza kidogo kwenye ncha za mapanga kunavumilika. Kukizidi kama milimita 6 beringi ya klachi imekwisha. Sasa acha feni, shika puli ya wota pampu yenyewe na uitikise. Hapo hapatakiwi kuwe na mchezo wowote unaousikia mkononi. Mkanda ukishalegezwa, zungusha puli taratibu: ikikwaruza au kusitasita, ni pampu. Tazama pia kitundu kidogo chini ya shingo ya pampu. Alama ya maji au ukoko wa rangi ya kulanti hapo inamaanisha sili imeachia, na pampu ibadilishwe pamoja na klachi. Kufungua mara mbili kwa ajili ya vitu vinavyokaa pamoja ni kujitesa.

Mtetemo bila kelele ya kusaga hutoka kwa panga lililopasuka shinani au nati zilizolegea. Pinda kila panga kidogo kwa vidole huku unamulika shina lake. Ufa wowote, hata wa urefu wa ukucha, feni itupwe. Usigundishe wala usikate panga la upande wa pili ili kusawazisha.

Pampu yenye mchezo ni sababu ya kutokuendesha gari hata kilomita moja. Shafti ikikatika, feni nzima inaingia kwenye rejeta.

Kuitoa na kufunga mpya

Klachi ya kununua ilinganishwe na ya zamani mkononi, kwa kuwa umbo kutoka pembeni hudanganya. Pima mambo matatu: umbali wa mashimo manne ya kufungia kwenye pampu, umbali wa mashimo ya feni, na kina kutoka uso unaokaa kwenye pampu hadi uso unaobeba feni. Kina kikipungua sentimita moja feni inatoka nje ya kava; kikizidi sentimita moja inaelekea rejeta. Gerezani Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga Nairobi utaletewa za bei tatu au nne tofauti. Zungusha shafti ya kila moja: iwe laini na yenye ukinzani sawa duara lote. Tazama kama kuna unyevu kuzunguka shafti, na kama ncha ya springi imekaa ndani ya mfereji wake. Iliyolazwa kifudifudi rafuni muda mrefu inaweza kuwa imeshavuja kupitia beringi. Hata wewe ukiinunua, isimamishe wima kama inavyokaa garini. Hata kwenye kiti cha gari usiilaze.

Utahitaji spana za 10, 12 na 14, kipande cha boksi ukubwa wa rejeta, brashi ya waya, gundi ya nyuzi (ya kuzuia nati zisilegee) ya nguvu ya kati, na saa mbili bila haraka. Si lazima umwage kulanti, ila tu kama mpira wa juu unakuzuia.

1. Fungua bolti za kava la feni, lisukume nyuma likae juu ya injini. Kwa kawaida halitoki peke yake. Litatoka pamoja na feni.

2. Ingiza boksi kati ya feni na rejeta. Hatua hii hurukwa, halafu spana inateleza na kutoboa rejeta.

3. Legeza nati nne zinazoshika klachi kwenye pampu mkanda ukiwa bado umekaza. Mvutano wa mkanda ndio unaoizuia puli isizunguke. Ukilegeza mkanda kwanza utahangaika kuizuia puli kwa bisibisi na kuharibu nyuzi. Nati ni za 10 au 12 kulingana na injini, na nafasi ni finyu, hivyo spana ya pete ndefu na nyembamba ndiyo inayofaa.

4. Nati zikishalegea zote, legeza oltaneta na mkanda, kisha malizia nati kwa vidole. Shikilia feni kwa mkono wa pili. Stadi (bolti isiyo na kichwa inayobeba nati) ikitoka pamoja na nati si tatizo. Isafishe, itie gundi, irudishe. Stadi ikikatika ndani ya flanji ya pampu (uso wa pampu unaobeba klachi), acha. Kutoboa stadi pale pale garini huharibu pampu. Bora pampu itolewe.

5. Toa feni, klachi na kava kwa pamoja, kwenda juu. Weka alama ya wino kwenye uso wa feni unaotazama rejeta kabla hujaitenganisha na klachi. Feni iliyogeuzwa bado inavuta hewa upande ule ule, lakini kwa udhaifu mkubwa, na utadhani klachi mpya ni mbovu.

6. Safisha uso wa flanji kwa brashi. Chembe ya kutu chini ya klachi inaifanya izunguke upogo, na mtetemo huo unaua pampu mpya ndani ya muda mfupi.

7. Funga feni kwenye klachi mpya, shusha vyote mahali pake, kaza nati nne kwa vidole hadi uso ulale sawasawa. Rudisha na kukaza mkanda, ndipo ukaze nati kwa mtindo wa msalaba. Nyuzi za milimita 6 zinatosha na nyutoni-mita 10. Za milimita 8, kati ya 20 na 25. Ukizivuta kwa nguvu zako zote utakata stadi.

8. Funga kava, toa boksi, zungusha feni kwa mkono duara zima uhakikishe haigusi popote. Hesabu spana zako. Rudisha waya wa betri, washa, simama pembeni.

Wenye Land Rover za 300Tdi wasifuate hatua ya tatu na ya nne kama zilivyo. Kwao klachi inashikwa na nati moja kubwa ya 32 yenye nyuzi za kinyume: inalegea kwa kuzungusha kama mtu anayekaza. Wengi wamevunja spana kwa kutojua hilo.

Kujaza silikoni badala ya kununua mpya

Klachi halisi za Toyota za zamani, zilizofungwa kwa skrubu kuzunguka duara, zinaweza kufunguliwa na kujazwa. Zile zilizobanwa kwa kukunjwa chuma usizijaribu. Inalipa iwapo beringi ni imara na springi inafanya kazi. Springi ipime kwa draya la nywele: ipulizie hewa ya moto na kipini cha katikati kizunguke chenyewe, kikirudi inapopoa. Kisipotikisika, hata ukijaza klachi nzima haitashika.

Toyota huuza silikoni hii kwenye tyubu za mililita 18, kwa viwango tofauti vya uzito wa kutiririka. Ya sentistoki 10,000 ndiyo wanaoishi kwenye joto huichagua zaidi. Fungua ukiwa umeilaza upande wa springi juu, futa mabaki yote kwa kitambaa bila petroli kugusa sili, jaza hifadhi, rudisha gasketi mpya. Tyubu mbili kwa kawaida zinatosha, na tatu kwa klachi kubwa ya Land Cruiser iliyokauka kabisa. Ukizidisha, feni haitaachia tena. Grisi, mafuta ya gia na silikoni ya kubandikia vioo havifai hata kidogo. Na klachi iliyovuja kupitia beringi itavuja tena, kwa hiyo hiyo usiijaze.

Umefunga mpya na bado linachemsha

Siku ya kwanza klachi mpya inaweza kuunguruma dakika tano au zaidi hadi silikoni ijipange. Usishtuke.

Geji ikipanda kama zamani na ulimwaga kulanti, kwanza shuku hewa iliyonasa. Egesha pua ya gari ikiwa imeinuka, fungua hita iwe ya moto kabisa, jaza rejeta polepole kifuniko kikiwa wazi, acha injini ingurume sailensa huku unaminya mpira wa juu, na uongeze maji yakishuka. Themostati ikifunguka utaona maji yakikimbia ndani na kiwango kikishuka ghafla, ongeza, funga. Tumia kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini. Maji ya bomba yenye chumvi ndiyo yaliyokuletea shida.

Hewa ikiwa imetoka na bado hali ni ile ile, rudia kipimo cha boksi. Feni ikishika vizuri na geji inapanda, klachi imeshamaliza kazi yake: tatizo liko kwenye rejeta, themostati au hedi, na unarudi kwenye sehemu ya mlima. Feni isiposhika huku mpira wa juu hauguswi kwa moto, weka mkono wako nyuma kidogo ya rejeta, mbali na feni, injini ikiwa imetoka kuzimwa. Hewa ya vuguvugu hapo ni rejeta. Hewa ya kuunguza na feni iliyokuwa imelala, umeuziwa klachi mbovu. Irudishe dukani ikiwa wima na risiti yake.

Baada ya kilomita 200 hadi 300, fungua boneti injini ikiwa baridi. Pima tena mkanda, maana mpya hunyooka, kisha gusa kila nati kati ya zile nne kwa spana.